Badawi Fundi Saa na Askari wa Kiooni

Mwaka wa 1996 Badawi fundi saa alipooza mkono wa kulia, na Mji wa Kale ukapoteza mchezaji bao ambaye hata wasiompenda walikuwa wakienda kumtazama. Saa hazikumuuma sana, alikuwa ameshazichoka. Kilichomuuma ni bao. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, lakini Badawi hakuwa mtu wa kupeleka mkono wa kushoto mbele ya wenziwe barazani. Zein, rafiki na mshindani wake tangu ujanani, alimtafutia mtu wa kumtilia kete. Badawi alimrudisha mtu huyo. "Mimi kama sishiki kete, sichezi," alisema, kisha akajifungia nyumbani, asiseme na mtu ila mkewe Mwanakuu, naye kwa shida. Mwanakuu aliogopa kwamba mumewe ameanza kufa angali yu hai.

Ni yeye aliyempeleka kwa Swafia, binti wa nduguye Badawi, aliyekuwa na ofisi ya kupiga chapa na kufundisha kompyuta karibu na Makadara. Ndani ya kompyuta moja mlikuwa na mchezo wa vita.

"Huu hauna haraka, ami," Swafia alisema. "Wacheza zamu yako, kisha mashine yacheza yake. Ukitaka kunywa kahawa kwanza, itakungoja."

Kioo kilijaa vyumba vya pembe sita mfano wa sega la nyuki: mashamba, milima, mto. Askari wa miguu alikwenda vyumba viwili kwa zamu, mpanda farasi vinne, na mlimani wote walikokota miguu. Kila shamba ulilolishika lilikupa nafaka, na nafaka ndiyo iliyokupa askari wapya. Badawi aliyafahamu hayo upesi, akashika kipanya kwa mkono wa kushoto, na siku hiyo ya kwanza akafagiliwa vibaya.

Kosa lake lilikuwa la mcheza bao hasa. Kwenye bao kete uliyoila haitoki ubaoni, unaitia upande wako ikakutumikia wewe. Basi Badawi aliwatoa askari wote mashambani, akashambulia huku na huku, akingoja mateka waje wamjazie nafasi.

"Wako wapi niliowala?" aliuliza.

"Wamekufa, ami."

"Wote? Hawaji upande wangu?"

"Hawaji. Na mashamba yako yatwaliwa."

"Mchezo wa israfu huu," Badawi akasema, akainuka. Lakini kesho yake alifika kabla Swafia hajafungua mlango.

Siku zile ndizo za kumwona Badawi. Aligundua kwamba askari akisimama mahali, vyumba vyote vinavyomgusa viko chini yake, na adui akiingia kimojawapo hana budi kukomea hapo, awe na farasi wa mbio namna gani. Askari mnyonge, akiwekwa panapostahili, aliweza kuzuia jeshi mpaka zamu nyingine. Akamsimamisha mmoja kivukoni.

"Hapa ni Makupa," akasema kwa kujivuna. "Nani aingia kisiwani bila kupita Makupa?"

"Na daraja la Nyali, ami? Na Feri?"

Badawi akatazama tena. Kweli, mto ulikuwa na vivuko vingine viwili, na farasi wa adui walikuwa wameshavielekea. Alicheka, mara ya kwanza tangu augue, na Swafia akainama kutafuta karatasi ambazo hakuzihitaji.

Askari hawakumtosha. Akayaacha makusudi mashamba mawili ya mbali yachukuliwe, akawarudisha walinzi wake wakazibe vile vivuko. Adui akakwama kotekote, mashamba ya ndani yakaendelea kutoa nafaka, na kufika Alhamisi ramani nzima ilikuwa ya Badawi. Mtu kama huyo usimwite mgonjwa.

Alikaa akikitazama kioo. "Swafia, mwanangu. Hawa askari, nimemgusa hata mmoja?"

"Hujamgusa, ami. Wewe waamuru, mashine yasogeza."

"Na ushindi ni wangu?"

"Ni wa nani mwengine?"

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, Badawi alikwenda barazani, akatoa salamu, akakaa mbele ya Zein.

"Nataka kucheza," alisema. "Nitasema, mtu anitilie."

Wawili wakajitolea mara moja. Zein akawazuia. "Nitamtilia mimi."

"Wewe ndiwe wacheza nami."

"Waujua mkono wangu, Badawi. Wewe sema."

Wakacheza hivyo. Zein alitia zake, kisha akanyoosha mkono upande wa pili akatia za Badawi kama alivyoambiwa, bila kukosea shimo. Mchezo ukawa mgumu. Badawi akaona mahali Zein alipojisahau, akapataja kwa sauti ya chini. Zein akatazama, akaelewa analoamriwa. Akazizoa kete zake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe, akaanza kuzipeleka upande wa Badawi, moja moja.