Betri Juu ya Bati

Betri iliyochoka, ikipigwa na jua la Kindu juu ya bati, hutoa harufu ya peke yake: kutu, karatasi iliyoungua kidogo, na kitu kikali kinachokaa nyuma ya ulimi. Kwa wengine hiyo ni harufu ya taka. Kwangu ni harufu ya muziki. Nikiisikia hata leo, miguu yangu inajua kwamba alasiri imefika, kwamba mpunga wa jirani umeshatwangwa nusu, na kwamba wadogo zangu Feza na Amuri wako nyuma ya nyumba wakibishana ni nani atakayepanda juu ya pipa kuziteremsha betri.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alikuwa amefariki, na Mama hakukawia kumfuata. Mama aliniachia neno moja tu, kwamba tusitawanyike, nami nikaacha shule mwaka uleule ili neno hilo liwezekane. Feza alikuwa na miaka kumi, Amuri saba. Nilitwanga mpunga wa majirani katika kinu cha Mama, nikalipwa kwa mchele, na tulikula. Kati ya vitu vya Baba, ndugu zake walituachia kimoja ambacho hakuna aliyekitaka kwa sababu kilimaliza betri haraka: pikapu, sanduku dogo la kuchezea sahani za santuri, ambalo Baba alilileta kwa treni kutoka kusini. Sahani zilikuwa tatu. Mbili zilikuwa na mikwaruzo hadi hazisikilizwi, kwa hiyo tulikuwa na wimbo mmoja.

Betri mpya hatukuzimudu. Tuliokota zile zilizotupwa na wenye redio, tukazianika juu ya bati tangu asubuhi. Zikipata moto zilirudiwa na roho, lakini roho ya mgonjwa. Sahani ilizunguka kwa kujivuta, magitaa yakatoka kama watu wanaopanda kilima na mizigo, na mwimbaji akawa na sauti nene ya mzee aliyekula akashiba. Hatukujua kwamba kuna namna nyingine. Tulimpenda mzee yule, tukamtungia hata sura: tumbo kubwa, kofia, fimbo, na watoto wengi. Tukabuni dansi ya kumfaa. Goti linashuka polepole, bega linalisubiri goti, shingo inakuja mwisho kabisa, kama mtu anayekumbuka jambo. Mara nyingi betri zilikufa katikati ya wimbo. Mimi niliyekuwa kwenye kinu sikuacha. Niliendelea kupiga mchi kwa mwendo uleule, nao wakaendelea kucheza bila wimbo, macho yao kwangu, mpaka mpunga uishe.

Kiangazi kile, mjomba wetu, kaka mkubwa wa Mama, alituma habari kutoka Kalima alikofanya kazi machimboni. Angekuja kuwachukua wadogo: Feza akae kwake, Amuri apelekwe kwa mama mdogo kule Punia. Hakuwa mtu mbaya. Aliona tu, kama ukoo mzima ulivyoona, kwamba mtoto hawezi kulea watoto. Alifika Jumamosi amevaa abakosti ya kijivu, ile suti ya wakubwa wa wakati ule isiyovaliwa tai, akakagua paa, akafunua chungu, akazitazama betri kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama hizo ndizo mboga za siku hizi. Akasema lori la Kalima lingeondoka Jumatatu. Nilimwomba jambo moja. Kesho yake kulikuwa na matine, dansi ya alasiri ya watoto, na mashindano yake, katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Wadogo zangu walikuwa wameandikishwa, basi awaache wacheze kwanza. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu siku yetu ya mwisho iwe nzuri.

Ukumbi ulikuwa na umeme. Ulikuwa na spika mbili ndefu kunishinda, balbu zilizopakwa rangi nyekundu na kijani, na mpiga santuri aliyevaa suruali pana chini na miwani ya jua ndani ya nyumba. Tuliimba kwanza wimbo wa chama, maana wakati ule hakuna jambo lililoanza bila wimbo wa chama, kisha mtangazaji akaanza kuwaita wasitoyeni wadogo, yaani wananchi wadogo, mmoja baada ya mwingine. Zamu yetu ilipofika, Feza alimkabidhi yule mpiga santuri sahani yetu kwa mikono miwili, kama anayetoa mtoto mchanga. Sindano ikashuka. Mzee wetu akatoka mbio. Alikuwa na sauti nyembamba ya kijana mwembamba, na magitaa yalimfuata yakifukuzana kama kuku. Amuri alisimama pale jukwaani, akanigeukia mimi, dada yake mkubwa, niliyesimama chini mbele ya jukwaa.

“Yaya, baba mzee iko wapi?”

Watu wa mbele walicheka. Mimi ndipo nilipoelewa kwamba mwaka mzima tumejifunza wimbo ambao haupo. Nyuma yangu Mjomba alikuwa ameketi, mikono ameikunja kifuani. Sikuwa na mchi. Nikapiga ubao wa jukwaa kwa kiganja, kwa mwendo wa kinu, na Feza akashusha goti. Polepole. Amuri naye akashusha lake, bega likasubiri. Wimbo ulipita juu yao ukienda zake, nao wakabaki chini yake na shughuli yao. Kijana mmoja akapaza sauti, “Angalia bakinyonga!” na ukumbi mzima ukavunjika kwa kicheko. Niliona kidevu cha Feza kikitetemeka. Hakuacha, kwa sababu sikuacha. Kiganja kilikuwa kinaniwaka. Kisha mama mmoja mnene wa safu ya mbele, aliyekuwa akicheka kuliko wote, akasimama, akashusha goti lake taratibu, akashusha na bega, na mumewe akamfuata. Kabla wimbo haujaisha, nusu ya ukumbi ilikuwa ikicheza kinyonga, na mpiga santuri alikuwa amevua miwani ili aone vizuri.

Hawakushinda. Walioshinda ni mapacha wawili waliozunguka kama pia, na walistahili. Tulirudi kwa njia ya kando ya reli, Amuri juu ya mabega ya Mjomba. Tulipofika nyumbani Mjomba aliketi, akaomba tumchezee wimbo ule tena. Nikaleta betri kutoka juu ya bati, zingali za moto. Sauti nene ikarudi, Amuri akapiga makofi kwamba mzee wake amefika, na Mjomba akacheka hadi akajifuta macho kwa mkono wa abakosti. Halafu akanitazama.

“Sifa, mule ndani niliangalia muzuri. Hawa batoto habakusikiliza muziki. Balikuwa banasikiliza weye tu. Batakaa hapa.”

Jumatatu alipanda lori peke yake. Tangu hapo, kila aliyetoka Kalima alituletea kifurushi cha betri mpya kutoka kwake. Tulizitia kwenye tochi. Kwenye pikapu tuliendelea kutia zile za juu ya bati, kwa kuogopa kumfukuza mzee.

Siku hizi muziki uko katika kila mfuko. Ni safi, hauchoki, hauhitaji jua, na vijana wa Kindu hubadilisha dansi kabla sijajua jina la ile ya jana. Siwalaumu, wanacheza vizuri, nami huwatazama kwa furaha nikiwa kwenye meza yangu ya kuuzia mchele. Ila hawajui raha ya kuusubiri wimbo. Mwaka jana Feza, ambaye ni muuguzi Kisangani, aliozesha binti yake. Amuri, fundi wa umeme, mwenye mvi sasa, alikuja pia. Tuliingia katikati sisi watatu, tukashusha magoti. Kijana wa muziki alituangalia, akapunguza sauti, akauliza kwa adabu kama mitambo ina shida.

“Acha iende, mutoto,” Amuri akamjibu. “Sisi tutafika tu.”

Nami nikaanza kupiga kiganja juu ya meza ya maharusi.