Kikombe Kilichoanzia Nyuma

Mwaka ule ziwa lilipopanda, hapa Kalemie tulizoea kuona nyumba zimesimama majini na milango wazi, kana kwamba wenyewe wametoka kidogo na watarudi. Maji hayakuja kwa kishindo. Jana hayapo, leo yako kizingitini, wala hakuna aliyeyasikia yakija. Kanisa letu liko upande wa chini, karibu na mahali akina mama wanapoanika ndakala, dagaa wa ziwa letu, na siku moja tulikuta samaki wadogo wakizunguka chini ya mimbari. Watoto walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ziwa lile lilikuwa likiniita tangu utotoni, na sasa niliona limenifuata hadi ndani.

Niseme wazi: nina kifafa. Kabla ya kuanguka, harufu ya majivu mabichi inanijia puani, kelele zote zinakatika, halafu sauti ya mwanamke inaniita jina langu, polepole, kutoka upande wa maji. Si sauti ya mama yangu. Si ya mtu yeyote ninayemjua. Kwetu mtoto anafundishwa mapema kwamba akiitwa na asiyemwona, asiitike. Sikuitika hata mara moja, na bado nilianguka. Daktari alinieleza kuwa sauti hiyo inatoka ndani ya kichwa changu, akanipa vidonge. Vidonge vimepunguza kuanguka. Macho ya watu havikuyapunguza.

Maana watu wetu wanaamini ugonjwa huu unaambukizwa kwa povu na mate. Kwa hiyo nyumbani nilikuwa na kikombe changu. Mama alikitia alama kwenye kishikio chake kwa rangi nyekundu ya kucha, akakiosha kando kwa majivu, akakitundika kwenye msumari wake. Hakufanya kwa ubaya. Alinipenda, aliniuguza, alinibeba mgongoni hata nilipokuwa mzito. Ila midomo yake haikugusa kitu ambacho yangu imegusa. Nilikua nikijijua kuwa mtu wa vyombo vya kuoshwa kando, na aibu hiyo nilikwenda nayo kila mahali, hata mbele za Mungu.

Kanisani, kwenye Meza ya Bwana, tunakunywa kikombe kimoja, kikubwa, cha bati, na ndani yake maji mekundu ya ngai-ngai, maua makavu yenye uchachu, yaliyotiwa sukari. Kinaanzia mbele kwa wazee na akina mama wa kwaya, kinakuja nyuma. Mimi nilikuwa na mahali pangu: mwisho wa benchi la mwisho. Hivyo hakukuwa na wa kunywa baada yangu. Na hata hapo sikumeza kitu. Nilikisogeza karibu na midomo tu, nikakirudisha. Mchungaji alihubiri mara nyingi jinsi Yesu alivyomgusa mwenye ukoma akiwa bado na ukoma wake, nami niliitikia amina kwa sauti kubwa. Amina ni rahisi ukiwa nyuma.

Jumapili moja ya mwaka ule, mbele palikuwa hapakaliki. Maji yalifunika mabenchi ya kwanza, mwanga wake ukitetemeka juu kwenye mabati, na sisi wote tulisongamana nyuma tukiimba kama watu wanaoogopa kuamsha kitu. Mama yangu, aliyezoea kukaa na kwaya, alibanwa kwenye benchi lililo mbele yangu. Niliona kisogo chake. Mchungaji akaja na kikombe hadi karibu na mlango, suruali ameikunja magotini.

"Leo tutaanzia huku nyuma," akasema. "Kule mbele mayi imetufunga."

Akanitia kikombe mikononi.

Kanisa zima lingekunywa baada yangu. Na hapo hapo, harufu ya majivu mabichi. Nikamgeukia mama mzee aliyekaa kando yangu, muanika ndakala, jirani yetu wa miaka yote, nikamsukumia kikombe.

"Mama, anza wewe."

"Wewe njo wa kwanza. Kunywa, mutoto wangu, mi nangojea."

"Mama, si unanijua?"

"Nakujua tangu mu tumbo ya mama yako. Na Mwenye meza anakujua kunipita. Alisema wote wakuje, alikutoa wewe? Kunywa."

Kelele zikakatika. Niliona midomo ikiimba, sikusikia wimbo. Kutoka kwenye maji yale chini ya mimbari sauti ikaniita jina langu, karibu kuliko siku zote. Niliogopa mpaka meno yakagonga bati. Lakini maneno ya mama mzee yalikuwa bado yamo kichwani, na nikawaza kwamba ziwa silo lililonipa jina, wala silo lililonialika hapa. Nikameza, kwa mara ya kwanza, kitu kichachu na kitamu. Nikamkabidhi mama mzee kikombe. Halafu nikafanya nililokatazwa tangu utotoni: niliitika. "Niko hapa," nikasema, nikaanguka.

Nilipozinduka, kichwa changu kilikuwa mapajani mwake, na kitenge chake kimelowa povu langu. Hakuwa amelifuta. Watu walikuwa wakitoka, wameinua nguo zao juu ya maji. Jambo la kwanza nililouliza ni habari ya kikombe.

"Kimezunguka," akasema. "Mi nimekunywa. Wengine wamekunywa, wengine wamepitisha."

Nilingoja aibu inishike kama kawaida yake. Haikuja. Niliwahurumia tu wale waliopitisha, maana nilijua vizuri kurudi nyumbani na midomo mikavu. Bado ninaanguka hadi leo, nisimdanganye mtu, na sauti bado inaniita. Ninaitika, kisha naendelea na siku yangu nikiamka. Lakini pale chini, nikiwa bado siwezi kuinua shingo, kulikuwa na jambo moja nililotaka kulijua na niliogopa kulijua.

"Na mama yangu?"

Mama mzee akacheka, kisha akajifuta macho.

"Mama yako? Amekishika na mikono mbili, akakunywa, akakunywa, mpaka mchungaji akamwambia: Mama, uachie na wengine."