Jaribio la Tatu

Dada yangu alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye karakana iliyotengeneza kitu kimoja tu: valvu za usalama za boila. Ni kidude cha shaba, kikubwa kama ngumi. Mvuke ukizidi ndani ya boila, kinafunguka chenyewe na kuutoa nje. Kisipofunguka, boila hupasuka, na aliye karibu hapati muda wa kuuliza kulikoni. Wateja wetu walikuwa hospitali na viwanda vya kufulia nguo.

Mimi nilikuwa hapohapo, kwenye mashine ya kukereza. Yeye alikaa chumba cha mwisho, kwenye meza ya majaribio, na karakana nzima ilimwita Mara Tatu. Kila valvu aliipima mara mbili siku ilipokamilika, akaiacha ilale, kisha akaipima tena kesho yake asubuhi ikiwa imepoa kabisa, kwa sababu springi mbovu huweza kujificha ikiwa bado ina moto. Ikifaulu, aliigonga alama yake kwa nyundo: nyota ndogo. Hakuna mwingine aliyeigonga nyota ile. Siku akiumwa, valvu zilimsubiri. Kuna wakati Mzee mwenye karakana alikuja kumnung'unikia kwamba mteja anapiga simu tangu alfajiri. Dada akamjibu, "Mwambie mtoto bado hajaamka." Mzee akacheka, akaenda kumwambia mteja hivyohivyo. Shemeji, yaani mume wa dada, alikuwa akitutania kwamba hata yeye alikubaliwa kwenye posa ya tatu.

Mzee akachoka, watoto wake wakashika njia zao, na karakana ikauzwa kwa kundi kubwa la teknolojia ya viwanda. Mzee simlaumu. Kundi lile kazi yake ilikuwa kununua vikarakana kama chetu. Lilikuwa navyo arobaini na kimoja. Kimoja kinatengeneza vipimajoto vya matanuri ya mikate, kingine skrubu za viti vya madaktari wa meno, kingine vichujio vya rangi. Kila kimoja kinajua jambo moja ambalo wengine hawalijui. Wanakinunua, wanaliacha jina lake getini, wanakibana mpaka kinalia, na kinachodondoka wananunulia kingine. Hao hawauziwi mbuzi kwenye gunia. Wanamtoa, wanamkagua meno, ndipo wanamchinja.

Aliyetumwa kwetu tulimbandika jina la Bwana Ufanisi, maana neno hilo halikumwisha mdomoni. Alikuwa na shati safi na adabu nyingi, na mpaka leo nikiikumbuka adabu ile damu inanichemka. Alisema hakuna kitakachobadilika, wamekuja kujifunza kutoka kwetu. Akakaa na kila mfanyakazi, na daftari mkononi.

Zamu yangu ilipofika akaniuliza, "Fundi, mnafanyaje mpaka valvu zenu hazirudishwi na wateja? Nimeuliza kote, hakuna kama ninyi."

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nilivimba kichwa. Nikampa hesabu ambayo dada aliniambia mimi tu, tukila kwake siku ya mapumziko.

"Ni dada yangu," nikasema. "Yule hana mchezo. Jaribio la tatu linakamata moja tu katika mia tatu, lakini yeye haliruki hata siku moja."

"Moja katika mia tatu?"

"Moja. Na mwezi mwingine hata hiyo moja haipatikani."

Aliandika, akapigia mstari. Mimi, mpumbavu wa kutupwa, nilidhani anaandika sifa.

Miezi miwili baadaye Bwana Ufanisi aliingia chumba cha mwisho, nyuma yake mpakiaji amebeba trei yenye valvu sitini. Mlango ulikuwa wazi. Nikazima mashine ili nisikie.

"Mama, hizi zinaondoka leo. Zimeshapimwa mara mbili."

"Zitaondoka kesho," dada akasema.

"Jaribio la tatu tumelifuta, Mama. Takwimu zinaonyesha linakamata moja katika mia tatu. Ni kupoteza siku nzima bure."

"Nani kakupa hesabu hiyo?"

Akamwonyesha karatasi. Wala hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nilitaka mtu wa kumchukia. Dada akasoma, akaja mpaka mlangoni, akanitazama. Bora angenitukana.

"Mdogo wangu," akasema, "kwani wewe ulidhani kazi yangu ni zile mia mbili tisini na tisa?"

Akavua aproni, akaweka nyundo na chuma cha nyota juu ya meza, akapita katikati ya mashine zetu akatoka. Hakuna aliyemfuata. Watu kumi na wanane, na wote tulitazama viatu vyetu.

Bwana Ufanisi akanijia. "Wewe ni ndugu yake. Unajua nyota inavyotakiwa kukaa. Lori linasubiri, fundi."

Ningeweza kukataa. Nimejipa sababu nyingi tangu siku ile, watoto, kodi ya nyumba, na zote nazitemea mate. Niligonga. Nilizigonga zote sitini, nzuri, zimenyooka, na nyingine zilikuwa bado zina uvuguvugu mkononi mwangu.

Jioni nikaenda kwa dada kuomba radhi. Shemeji alikuwa peke yake, akanikaribisha ndani.

"Dada yako hayupo. Amekwenda kwa wateja, mmoja baada ya mwingine. Anawaambia yeye ameacha kazi, kwa hiyo wakae mkao wa kusubiri, kwa sasa hakuna valvu yenye nyota itakayotoka."

"Amekasirika sana?"

"Kukukasirikia wewe? Mwanzoni, ndiyo. Amekuita kila jina." Shemeji akanimiminia chai. "Nikamwuliza, je, kama wataamua kuigonga wenyewe hiyo nyota? Akanicheka. Akasema hawawezi, mdogo wake yupo pale. Ana mdomo mrefu, akasema, lakini hilo hatakubali."

Nilikunywa ile chai mpaka ikaisha. Lori lilikuwa limeondoka tangu saa tisa alasiri.