Unga wa Chuma na Mabibo ya Mama

Kwa mambo ya vijidudu sibabaishwi na mtu. Ndiyo kazi yangu. Lakini mtambo wa biogesi wa mama, kule Rondo, ulinitoa jasho.

Daktari alikwisha kumwambia mama kwamba moshi wa kuni utammalizia macho. Nikamjengea mtambo, ng'ombe wake wawili wakatoa samadi, ila moto ulikuwa hafifu, maharage yalishinda jikoni.

"Mwanangu, nakupa mpaka korosho ziishe," aliniambia. "Chakula kisipoiva, narudi kwenye kuni zangu."

Niliogopa. Alikuwa hatanii.

Nikatoka Rasbura, mjini, na kichupa cha unga mweusi wa chuma niliotengeneza mwenyewe maabara, chembe zake ndogo hata darubini ya kawaida haizioni. Gesi ya samadi huwa imechanganyika na kabonidayoksaidi, nayo haiwaki. Chuma kikishika kutu majini hutoa haidrojeni; vijidudu huitwaa, wakaiunganisha na ile kabonidayoksaidi, ikatoka methani, gesi inayowaka. Nikamimina, nikatamba mbele ya majirani, nikarudi mjini.

Baada ya wiki mama akapiga simu: moto umezimika kabisa. Nilifika nimevimba kwa hasira. Nilipofunua mdomo wa mtambo, harufu kali ya uchachu ikanipiga usoni.

"Shikamoo mama. Umetia nini humu?"

"Marahaba. Mabibo. Ndoo mbili kila asubuhi. Tukishang'oa korosho si yanaoza bure? Nawe umewaletea wageni wako, hao wadudu wa humu ndani, chuma kitupu, watashiba?"

Nilitaka kufoka. Uchachu wa mabibo ulikuwa umewalemaza vijidudu wangu, lakini habari za chuma nilikuwa nimezitangaza kijiji kizima, isipokuwa kwa mtu anayeulisha mtambo kila siku.

Tukaacha mabibo. Tukatia majivu kidogo kupunguza uchachu, samadi mbichi, kisha chuma tena, kwa kipimo. Wiki ya tatu, korosho za mwisho zikiwa bado uani, moto ukawaka wima, wa buluu. Mama akasonga ugali, akaupakua, ndipo akanigeukia.

"Sasa nifundishe mimi. Hao wadudu watajifunza kwangu."

Nilimfundisha mpaka kipimo cha unga wa chuma. Siku hizi mtambo wa mtu ukigoma huko Rondo, anaitwa yeye, anakwenda na ndoo yake ya majivu. Mimi hawaniulizi. Wivu ninao, na macho yake bado anayo.