Siku Kanisa Letu Lilipomtembelea Mama

Kanisa letu liko mtaa wa Dallas, hapa Embu mjini, na kila mwaka shule zikifungwa huwa tunaenda misheni. Neno lenyewe ni kubwa kuliko safari. Tunashuka upande wa Kiritiri, kwenye joto na ukame, tunaimba, tunagawa unga na nguo, tunaomba na watu majumbani mwao, na jioni tumerudi kulala kwetu. Mimi nilizaliwa huko chini. Sikuficha, lakini pia sikuwa na desturi ya kulitaja. Nikiulizwa kwetu ni wapi, nilikuwa najibu "Mbeere", jina la eneo lile zima, halafu nahamia mambo mengine.

Mwaka huo msafara uliongozwa na Mama Mchungaji, mke wa mchungaji wetu, mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akimsema mtu vibaya. Tukiwa kwenye basi alitukumbusha tusifunike pua na tusikatae kiti tutakachopewa.

"Watu hawa wana haya," alisema. "Msiwafanye wajione wadogo."

Niliitikia amina pamoja na wengine.

Nilikuwa nimepanga kuomba ruhusa tukimaliza, nipitie kwa mama yangu. Sikuwa nimempigia simu, kwa maana nilitaka kumshtukiza. Nilijua tunaelekea kanisa dogo karibu na soko, na kutoka hapo hadi kwetu ni mwendo kidogo.

Tulipofika tuligawanywa vikundi. Kikundi changu, pamoja na Mama Mchungaji, kilipewa mzee mmoja wa kanisa lile atuongoze. Alikuwa amehamia sehemu hizo juzijuzi, kwa hiyo hakunijua. Mimi nilibeba karai lenye unga, sukari na mafuta ya kupikia, blanketi likiwa juu. Tulipoacha barabara ya changarawe nilianza kuitambua njia. Tulivuka lile korongo ambako malori huchota mchanga, tukapita zizi la mbuzi la jirani yetu. Nilijiambia kwamba tunapita tu. Tulipokata kona kwenye ua wa minyaa nilitaka kusema kitu, lakini mzee alishaanza kupiga hodi, huku akitueleza kwa sauti ya kutangaza.

"Huyu mama ni mjane. Anaishi peke yake. Tuliona yeye ndiye anastahili."

Mama yangu alitoka. Alikuwa amevaa sweta lake la kuchungia mbuzi, lililotoboka viwiko, na leso iliyopauka. Nguo nzuri anazo, zingine nilimnunulia mimi. Aliwasalimia wageni mmoja mmoja mpaka akanifikia mimi niliyekuwa nyuma ya wote. Uso wake ulibadilika kidogo tu, kama mtu aliyeungua ulimi na hataki watu waone.

"Karibu, mwanangu," akasema.

Huku kwetu kila mtu mzima humwita hivyo aliye mdogo kwake, kwa hiyo hakuna aliyegeuka.

Ndani sikuikuta nyumba ninayoijua. Makochi hayakuwepo. Taa ya sola na redio pia hazikuwepo. Tuliketi kwenye benchi moja na ndoo za maji zilizopinduliwa. Hofu ikaniingia. Nilidhani mama amepatwa na shida, ameuza vitu, na hakutaka kunisumbua.

Mama Mchungaji alimuuliza polepole, "Una watoto, mama?"

"Ninao. Wako mjini."

"Huwa wanakuja kukuona?"

"Huja wakipata nafasi."

Lilikuwa jibu la kweli, na wakati wowote mwingine lisingeniuma. Mama Mchungaji akafumba macho, akaanza kuomba. Alimwombea mama afya na mvua, kisha akawaombea watoto waliomsahau mzazi wao, Mungu aiguse mioyo yao popote walipo. Wenzangu wakaitikia amina kwa uchungu. Mimi nilikuwa hapo hapo, nimevaa fulana yangu ya misheni.

Maombi yalipokwisha, dada mmoja wa kwaya alitoa simu. Akaniambia nilishike karai na mama aliguse, apige picha ya kukabidhi.

Nikasema, "Huyu ni mama yangu."

"Ni mama yetu sote," mmoja wao akajibu, na wengine wakatikisa vichwa.

"Hapana. Mimi ni mtoto wake. Amenizaa."

Simu ikashuka. Mzee aliyetuongoza alitazama chini. Mama Mchungaji alitazama viatu vyangu, kisha viwiko vya mama, halafu akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mbona hukutuambia una shida nyumbani? Si tungekusaidia?"

Aliyasema kwa moyo wote. Angenikemea ningepata la kujibu.

"Hana shida," mama akasema. "Kaeni, chakula kiko tayari."

Alikuwa amechinja kuku na kupika ndengu na chapati. Walikula kwa adabu nyingi. Nilimfuata jikoni.

"Makochi yako wapi?"

"Kwa jirani. Na taa, na redio."

"Kwa nini?"

"Wewe ungembebea mtu chakula, ukifika umkute amekalia makochi, ungejisikiaje?"

"Mama, ulikubalije kuitwa maskini?"

Alikuwa anachota mchuzi na hakuacha. "Yule mzee alizunguka nyumba zote. Watu walikataa. Walioshiba walikataa, na wenye njaa ndio walikataa zaidi. Alikuwa anahangaika, wageni wako njiani na hana mahali pa kuwapeleka. Nikamwambia awalete kwangu. Nilijua ni watu wa mjini. Sikujua ni watu wako."

"Na ungejua?"

"Ningevaa vizuri."

Nilikumbuka nyumba tulizoingia misheni zilizopita, zile kuta tupu tulizozisimulia kanisani baadaye mpaka watu wakatokwa na machozi. Nilikuwa mmoja wa waliosimulia. Haikuwahi kunijia akilini kwamba pengine watu wale nao walikuwa wametoa vitu vyao nje kutupisha, tupate pa kuweka huruma yetu.

Wenzangu walirudi na basi, mimi nikabaki. Walipoondoka mama alihamisha vyakula vyote kwenye kiondo, kwa sababu karai lilikuwa limeandikwa jina la kanisa. Akaniambia nivue na ile fulana. Tukaenda kwa mzee jirani, mwenye mguu mbovu, ambaye shamba lake halikutoa kitu msimu ule. Alikuwa miongoni mwa waliokataa kutembelewa.

"Mtoto amekuja kutoka Embu," mama alimwambia. "Ametubebea chakula kingi, mimi siwezi kukimaliza."

Mzee alinishukuru, akaniuliza habari za kazi na za mjini, akasema mama yangu ana bahati ya mtoto. Nilizipokea shukrani zile ambazo sikuzifanyia kazi, nikaangalia pembeni.

Jumapili iliyofuata Mama Mchungaji alinivuta kando, akaniuliza kama aende kumwomba mama msamaha. Nilimwambia aende tu kula ndengu, asibebe kitu. Alicheka kwa kusitasita. Mpaka leo hajaenda, na mimi sijamkumbusha.

Mwaka uliofuata kamati ilinipa kazi mpya. Kwa kuwa mimi ni wa huko, walisema, nitangulie nikachague nyumba za kutembelewa. Nilishindwa kukataa mbele ya watu. Nilienda Jumamosi moja, nikabisha kwa mama mmoja niliyesoma na binti yake. Alinikaribisha, akaniwekea chai, tukaongea habari za mvua na za binti yake. Kila nilipofungua mdomo nimwulize kama anaweza kupokea wageni wa kanisa, nilijisikia kama namvua nguo. Nikamaliza chai, nikaaga, nikarudi Embu. Kamati nikawaambia kwamba sikupata mtu.