Ng'ombe wa Profesa Cirimwami

Nsimire, binti wa mjane wa kijiji cha Miti, alisoma mpaka akawa mwalimu msaidizi katika chuo kimoja cha Bukavu, kwenye idara iliyochunguza mila za Kivu. Ilikuwa enzi ya Zaïre. Kila mtu aliitwa citoyen, yaani raia, majina ya ubatizo yalijificha nyumbani, na mila ambazo wamisionari walitufundisha kuzionea haya zikawa ghafla fahari ya taifa. Idara ikang'aa. Utafiti wa Nsimire ukachapishwa, nao ulihusu bugabire, desturi ya nchi ya Bushi ya mtu kumpa mwenzake ng'ombe. Anayepokea hupata maziwa, na pamoja na maziwa hupata bwana. Tangu siku hiyo hahami wala haozi binti bila ruhusa ya aliyempa.

Utafiti huo ulimpatia nafasi ya kuandika tasnifu yake Lubumbashi. Aliitaka safari hiyo kwa moyo wote. Alikuwa amechoka na chumba chake kimoja cha mtaa wa Nyalukemba, na amechoka zaidi kuandika kurasa ambazo mkubwa wake, Profesa Cirimwami, alizisoma mikutanoni kama zake. Lakini bila sahihi ya huyo huyo Cirimwami hangetoka.

Kabla hajaiomba, profesa akatangaza sherehe ya mafanikio ya idara, nyumbani kwake Miti, mbele ya wageni kutoka Kinshasa. Kungekuwa na ngoma, kasiksi, ile pombe ya ndizi, na maonyesho ya bugabire.

"Weye ndiye unajua hii mambo," akamwambia Nsimire. "Utapanga yote, na weye mwenyewe utapokea ngombe. Ni teatre tu, maman."

Hapo ndipo ninapomkasirikia Nsimire. Angeweza kupanga mchezo wa ovyo ovyo, watu wacheke, yaishe. Thubutu! Alitaka kila kitu kiwe sahihi. Akawaita wazee wa koo zote mbili wawe mashahidi, maana bila mashahidi bugabire si bugabire. Dereva wa profesa alipoleta dume, akamfukuza akalete mtamba. Siku yenyewe alipiga magoti kwenye nyasi, akatamka shukrani kwa lugha ya Mashi bila kukwama hata neno moja. Wageni wakapiga picha. Wanawake wakapiga vigelegele hadi sauti zikawakauka, kwa kuwa hawakuwahi kuona mwanamke akipewa ng'ombe kama mwanamume.

Jioni alimtafuta dereva amrudishe yule mtamba. Alimkuta mnyama nyuma ya nyumba ya mama yake, anatafuna majani ya migomba.

"Maman, hii ngombe ni ya teatre," akamwambia mama yake.

Maman Bibiane alikuwa bado anafuta machozi ya furaha. "Teatre gani? Bale bazee balitoka kwabo kuja kucheza teatre? Ulipiga magoti, ulishukuru, batu bote baliona. Batoto ba kaka yako batakunywa maziwa."

Jumatatu akaingia ofisini kwa Cirimwami kuomba sahihi. Profesa akamvutia kiti, akamtilia chai kwa mkono wake mwenyewe. Wala hakukataa. Laiti angekataa, kwani mtu aliyekataliwa hupata angalau wa kugombana naye.

"Lubumbashi ni mbali," akasema kwa upole. "Na ngombe haiyazala hata mara moja. Tungoje izale kwanza. Kisha utakuja kuniomba vizuri. Si kama mufanyakazi. Kama mutu yangu."

"Patron, tulisema ni maonyesho tu."

"Basi uirudishe."

Nsimire aliijua vizuri mno maana ya kurudisha ng'ombe, ni kutangaza uadui. Na shamba la mama yake lilikuwa katikati ya mashamba ya ukoo wa Cirimwami, na nyumba ya kaka yake vilevile. Angerudisha yeye, wangelipa wao. Akatafuta kichwani mwanya wowote wa kutokea ambao wazee wa zamani walimwachia mtu. Hakuuona. Profesa alikuwa akikoroga chai yake, anamngoja bila haraka yoyote.

Nsimire akafungua kinywa kusema kwamba anaacha kazi.

"Itazala mwezi gani, Papa?" akauliza.

Hakuwahi kumwita Papa kabla ya siku hiyo.