Boti Tuliyomnunulia Mama

Jumapili, tarehe kumi na tatu Julai. Manyunyu tangu alfajiri, kusi la wastani, na baada ya adhuhuri jua limetoka kali, nguo zote zikakauka kwa mkupuo.

Naandika haya leo leo, kabla sijaanza kuyapunguza. Najijua. Nikilala nayo, kesho nitaamka nimeshajipa haki nisizokuwa nazo. Sikusoma sana, niliishia kidato cha pili, na pengine aliyesoma angejua pa kuanzia. Mimi nitaanzia kwenye maziko.

Mama yangu kazaliwa kwenye kisiwa kidogo, ng'ambo ya bandari yetu ya Wesha, na dada yake, ambaye namwita mama mkubwa, yuko huko hadi leo. Mwaka juzi mumewe mama mkubwa alifariki. Simu ilitufika mapema, tukateremka Wesha na mama, lakini mashua ya abiria ilikuwa bado inapakia saruji. Mashua hiyo ni ya mbao, ina mashine moja, na ndiyo inayobeba kila mtu na kila kitu: wagonjwa, mbuzi, magodoro, makreti ya soda. Haiondoki mpaka ijae, na ikishaondoka haina papara. Tulipofika, jeneza lilikuwa limeshatoka. Mama hakulalamika. Njiani kurudi alisema tu kwamba angependa awepo pale dadake alipokuwa anamuaga mumewe.

Maneno yale tuliyashika, mimi na mdogo wangu mwenye duka la vipuri kule Gombani. Karafuu zilipokubali msimu ule, tukasema tutamnunulia mama boti. Itakuwa ya familia, lakini kwanza yake, asingoje tena saruji ya mtu.

Tulikwenda Unguja kuangalia boti mbili, zote zimeshatumika. Ya kwanza ilikuwa pana, ina turubai la kivuli na kingazi cha kupandia, na mashine yake ndogo ilikuwa inakohoa kidogo lakini inakwenda. Mzee aliyekuwa akiiuza alituambia amewachukulia humo wakwe zake miaka yote na hakuna aliyelowa. Ya pili ilikuwa ya fiba, nyembamba, pua yake ndefu kama ya samaki samsuli, mashine mbili kubwa nyuma. Ilikuwa inawavuta wageni wa mahoteli wanaosimama juu ya ubao. Mwenye nayo alitupandisha, akafungua mashine, na pua ikanyanyuka. Mdogo wangu akacheka kama mtoto. Mimi sikucheka, lakini nilipoteremka niligeuka kuitazama tena, na nilijua tayari.

Nimpe haki yake yule muuzaji. Hakutuficha kitu. Alituonyesha fiba ilipozibwa, akatuambia mashine zinavyokunywa petroli, kisha akauliza ni ya kazi gani. Tukamwambia ya mama. Akatutazama mmoja baada ya mwengine.

"Hii boti ya vijana," alisema. "Inapiga maji. Mwenye mgongo wake ataujua."

Alisema hivyo mara mbili, ya pili wakati tunapeana mikono. Nilimjibu kwamba mama yetu ni mtoto wa kisiwani, bahari kazaliwa nayo. Nilijibu haraka sana. Mdogo wangu aliniuliza tukiwa tunakunywa chai kama ile pana isingefaa zaidi, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba boti ile watu wa Wesha wataiita kitanda. Nikaongeza habari ya maziko, kwamba tunanunua mbio ili tusichelewe tena. Hiyo ilikuwa kweli. Lakini nikiipima leo, naona niliitanguliza mbele ile kweli ili nyengine ipite nyuma yake.

Siku tulipoileta Wesha watu walijaa ufukweni. Mama akaja na buibui lake jipya. Aliweka kiganja juu ya fiba, akasoma dua ndefu, akatuombea mimi na mdogo wangu na watoto wetu, akasema radhi yake yote iko humu. Kisha tukampakia. Tukamkalisha mbele kabisa, kwenye kiti cha puani, kwa sababu mama hakai nyuma. Nyumbani kwetu mkubwa anakaa mbele, kwenye gari anakaa mbele, kwenye shughuli anatandikiwa mbele. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba boti ya namna ile mbele ndiko inakopiga. Inaruka na kubwaga, na aliyekaa puani ndiye anayebwagwa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kwenye usukani, nimekunja magoti, sihisi kitu. Nilikuwa namwona mama kwa mgongo, kashika chuma kwa mikono miwili, ushungi unapepea. Nilidhani anafurahi.

Tulipofika hakusimama mara moja. Alikaa mpaka wote wameteremka, ndipo akasema, "Alhamdulillahi, tumefika." Nililichukua neno lile kama sifa. Nililirudia kwa watu.

Alipanda mara mbili nyengine. Baada ya hapo ikawa kila nikimwambia twende kwa mama mkubwa, kuna jambo. Magoti. Mgeni. Mbaazi za kuchambua. Kusi limechafuka. Tuliweka mto, akashukuru, hakupanda. Mke wangu alinambia niache kumuuliza uliza, na mimi nikaona labda ni umri, hamu ya kusafiri imemtoka. Nilisikitika, kwa kiasi. Boti haikukaa bure lakini, na hilo nalo nitaliandika. Ilimkimbiza mtoto wa jirani wa mama mkubwa mwenye degedege kutoka kisiwani, akawahi daktari, na leo anacheza. Mdogo wangu alipeleka watu kwenye harusi. Na mimi nilikuwa nikiipeleka hivi hivi, bila safari, kusikiliza mashine.

Leo asubuhi mama alipita uani amevaa, akasema, kama Jumapili nyengine, anatoka na atarudi alasiri. Hakusema uwongo. Hakusema anakwenda wapi, na mimi sikuuliza. Nilidhani ni Chake, kumwangalia mgonjwa.

Alasiri mdogo wangu alikuja na plagi mpya, tukazitia, tukatoka kuzijaribu. Alisema, "Fungua, tuzisikie." Sitamsingizia kwa hilo, mkono uliokuwa kwenye gia ulikuwa wangu. Mashua ya abiria ilikuwa inarudi, imejaa, inakuja bandarini kwa mwendo wake ule ule. Mimi huwa napita karibu nayo. Vijana wanapiga miluzi, watoto wanapunga mikono, na najua ni upuuzi lakini nimeuzoea. Leo pia nikapita karibu.

Nyuma kabisa, ubavuni mwa sanduku la mashine, walikuwa wamekaa wanawake wawili kwenye gunia. Mmoja alikuwa anamenya chungwa na anacheka, kichwa kaegemeza kwenye bega la mwenzake. Nilimtazama kwanza kama mtu tu anayecheka. Kisha nikaona ni mama.

Naye akaniona. Akavuta ushungi, akajifunika uso mzima.

Nilikata mashine, lakini mawimbi yangu yalikuwa yameshaondoka. Yaliifikia mashua ubavuni, ikainama huku, ikainama huku, maji yakaingia, makreti yakateleza, watu wakaanza kunitukana. Wote walikuwa wanasema. Yule mwenye ushungi peke yake alikuwa kimya, kakumbatia sanduku la mashine kwa mkono mmoja na mwenzake kwa mkono wa pili. Chungwa lilianguka baharini. Nililiona linaelea.

Hakuzama mtu, hakuumia mtu. Naliandika hilo kwa sababu ndilo nililokuwa nikijirudishia njia nzima, na halikunisaidia.

Tuliifuata polepole mpaka bandarini. Na hapo nieleze, boti yetu ikienda polepole ndiyo mbaya zaidi, inayumba kama mlevi, kwa hivyo dawa haimo humo pia. Tulipofunga, mama alikuwa ameshateremka na kuondoka kwa bodaboda. Nilikwenda kwa nahodha wa mashua kumwomba msamaha. Alikuwa anakamua suruali yake, watu wamemzunguka.

"Karibu, bwana mkubwa wa mbio," alisema. "Umekuja kutuhesabu kama tumebaki wangapi?"

Watu wakacheka. Nilistahiki. Nikamwambia nimekosa, sitapita tena karibu. Akaniangalia, akapunguza sauti.

"Mamako tunakwenda naye kila Jumapili. Ukimtaka, usimtafute kwa mawimbi."

Kila Jumapili. Nahodha alijua, mpakiaji alijua, muuza urojo pale gatini alijua, maana mama ndiko anakonunua kabla ya kupanda. Mama aliwaomba wasiniambie, na Wesha nzima, ambayo haiwezi kuweka siri ya bei ya pweza, ikaweka hii. Nilipofika nyumbani mke wangu aliniona uso, akasema naye alijua. Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia. Alisema mama alimkataza, na yeye angemvunjia vipi mkwewe neno? Ni kweli. Na alinambia niache kumuuliza. Nilipewa nusu ya jambo, nikashindwa kuitafuta nusu yake.

Mama alikuwa uani, kakaa kwenye kibao chake, anatoa chaza makombeni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, hakuinua kichwa. Nikachuchumaa pembeni.

"Mama, nilikuona."

"Na miye nilikuona. Ulipita kama unakimbizwa na askari."

Nikamwomba msamaha wa mawimbi. Akasema ametikiswa na makubwa kuliko hayo. Nikamuuliza mgongo. Hakutaka kusema, lakini alipoona sinyanyuki akasema ile siku ya kwanza alifika kwa dadake hawezi kuinama kusali, akasali amekaa, na mama mkubwa akamkanda mafuta siku mbili. Nikakumbuka zile siku mbili. Nilidhani kanogewa na ugeni.

Nikamuuliza kwa nini hakunambia. Hapo ndipo alipoweka kisu chini.

"Nikwambie nini? Kitu mmekinunua kwa ajili yangu, nshakisomea dua mbele za watu, kisha nikae nikigunie? Mguno wa mama si kitu kidogo, baba. Ningeguna, mkapata ajali, ningejisemaje?"

Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kubana hata pumzi kwa ajili ya kitu nilichomletea. Alikuwa ameshika chuma kile kwa mikono miwili, mgongo unavunjika, na anajizuia asiseme ah, ili ah yake isitufuate mimi na mdogo wangu baharini. Na mimi nyuma yake naongeza mwendo.

Nikamwambia tutaiuza, tutafute ile pana yenye kivuli. Akasema tusiiuze kwa mgongo wake. Ikiuzwa, mdogo wangu ataona mama kamtoa raha, na mtoto wa jirani akiumwa tena mtamchukua na nini? Nikamwambia basi. Nikasema neno ambalo nilikuwa nalo tangu bandarini, kwamba naomba radhi yake. Alicheka kidogo, si kicheko cha kwenye mashua lakini kilikuwa ndugu yake.

"Radhi nshakupa tangu siku ile, hairudi. Sasa weye nipe miye radhi, nende na mashua ya watu bila kujificha."

Mama yangu kuniomba ruhusa mimi, kwa sababu ya boti. Nilimwambia ruhusa ni yake, na kwamba Jumapili ijayo nitampeleka gatini mwenyewe, na akitaka nitapanda naye. Akasema nikipanda nikae mbele huko na mbuzi, nyuma kwenye mashine pana wenyewe, na wana maongezi yao ambayo si ya wanaume. Kule mashuani, alinambia, anakutana na watu ambao zamani alikuwa akiwaona kwenye misiba tu. Wanamegeana chungwa, wanatetana, wakifika wameshajua kisiwa kizima kimeamkaje. Na boti yetu inafika kabla mtu hajamaliza salamu. Hilo sikulifikiri tangu mwanzo. Nilidhani anachokitaka ni kufika.

Mdogo wangu alikuja magharibi. Nilimweleza yote mbele ya mama, pamoja na habari ya ile boti ya kitanda na nani aliyeikataa, maana nilimwona anataka kujitwika nusu. Akasema tungeweka godoro, na mama akamwambia alale yeye juu yake. Kama tuiuze au tubaki nayo hatukukata shauri. Yeye anaipenda, na haki anayo, fedha yake imo. Mimi pia naipenda, nikisema siipendi nitakuwa mwongo, na hilo linaniuma kuliko mengine. Tulilokata ni moja, kwamba mashua ikionekana, mashine inazimwa mpaka ipite.

Tulikula muhogo wa nazi na wale chaza aliotoka nao mama kisiwani, wamekaangwa kwa kitunguu na kukamuliwa ndimu. Watoto waligombania ukoko wa nazi chini ya sufuria. Mama alipakua mara ya pili.